Vichochoro vya Majengo, Nyeri: Nyumba ya Babu na Kikombe cha Kahawa

Ndugu msomaji, ukimtajia mtu wa pwani mji wa Nyeri, aghalabu atakujibu kwa maneno matatu: baridi, mlima na Kimathi. Ni wachache watakaokuambia kwamba katika mji huo upo mtaa ambao alasiri hunukia tangawizi na kahawa chungu, ambao nyumba zake zina baraza mbele na ua nyuma, na ambao wazee wake huamkiana “Masalkheri” kana kwamba bahari ipo nyuma ya ukuta. Mtaa huo unaitwa Majengo. Mwezi wa Julai nilikaa huko siku sita kwa shughuli ya mirathi, na kwa kuwa vikao vya jamaa havimalizi mchana kutwa, saa zilizobaki nilizitumia kutembea vichochoroni. Niliyoyaona humo ndiyo yaliyoniongoza katika neno nililolisema kikaoni, na napenda kuwasimulia, kwa sababu najua si sisi peke yetu wenye nyumba ya namna hiyo bara.

Babu yetu mzaa mama, Mola amrehemu, alikuwa mshoni. Alipanda bara angali kijana, akashona kanzu, suruali na sare za shule, na alipofika umri wa makamo akajenga nyumba ya vyumba sita katika Majengo ya Nyeri. Bibi alitangulia mbele ya haki kabla yake. Babu akaacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu; kwa hesabu ya mirathi mali yake huwa mafungu saba, kila mwana mawili na kila binti moja. Nyumba ilikaa miaka mingi bila kugawanywa. Mama mkubwa aliishi katika vyumba viwili, vitatu vikapangishwa, na kile cha mbele, alichoshonea babu, kikafungwa na cherehani yake ndani. Mwaka huu akatokea mnunuzi aliyekitaka kiwanja wala si nyumba. Azma yake ilikuwa kubomoa na kuinua ghorofa tano. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Mjomba mkubwa, ambaye mkewe husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma, alilitaka fungu lake, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumlaumu. Mama yangu hawezi tena safari ndefu, akanituma nimwakilishe.

Nilipanda gari moshi Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu ya kuelekea kaskazini. Murang’a, mji ambao Waingereza waliuita Fort Hall, nilishuka kwa saa mbili ili nitazame jambo nililolisoma zamani. Katika kanisa la ukumbusho la mji huo, mwishoni mwa miaka ya 1950, msanii Elimo Njau alichora ukutani picha kubwa tano za maisha ya Nabii Isa kwa imani ya Wakristo. Njau hakuwa mtu wa Murang’a. Alizaliwa mwaka 1932 Marangu, upande wa Kilimanjaro. Lakini hakuwaletea wenyeji sura za Ulaya. Aliwachorea nchi yao wenyewe, na watu weusi kama wao wakitembea ndani yake. Sisi na kanisa hilo tuna itikadi mbalimbali, na picha za viumbe ni jambo ambalo wanazuoni wetu wamelisema mengi. Hata hivyo, niliondoka na funzo moja la kazi ya mikono: mgeni mwenye adabu akiupamba ukuta wa watu huanza kwa kuwatazama wao na nchi yao.

Nyeri iko kilomita kama 150 kutoka Nairobi, na nilifika jua likiwa limekwisha kujificha. Mji umelala baina ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na Julai ni mwezi wa ukungu na manyunyu. Wageni wanaokwenda kule kwa matembezi huongozwa mahali panapojulikana. Huonyeshwa nyumba ndogo ya Paxtu katika hoteli ya Outspan, alimokaa Baden-Powell, mwasisi wa skauti, hadi alipofariki Januari 1941, na kaburi lake lililo mjini humo. Huonyeshwa kanisa la Waitaliano lenye kaburi la mwanamfalme wa Aosta, aliyefariki mwaka 1942 akiwa mateka wa vita. Husimuliwa habari za Treetops, na za Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kuhukumiwa kifo katika mji huo huo wa Nyeri. Yote hayo ni haki yake kutajwa. Majengo haimo katika orodha hiyo. Hakuna kibao kinachomwelekeza mtu huko.

Jina lenyewe linaeleza asili ya mtaa. Waingereza walipoweka kituo chao Nyeri mwaka 1902, na kabla ya hapo katika vituo vingine vya bara, hawakupanda peke yao. Walifuatana na wapagazi, askari, wapishi, wakalimani na mafundi, na wengi wa hao walikuwa Waislamu: watu wa pwani, Wanubi kutoka Sudan, Wasomali, na wenyeji waliosilimu njiani au walioolewa nao. Wafanyabiashara nao wakafuata nyuma. Watu hawa hawakuwa na shamba la ukoo katika nchi ile, wala hawakuruhusiwa kukaa walikokaa Wazungu. Walipewa kipande cha ardhi kando ya mji, wakajenga. Ndiyo maana neno hilo hilo, Majengo, utalikuta Nanyuki, Meru, Embu na Pumwani ya Nairobi. Ni mitaa ndugu, na mama yao ni mmoja.

Na walipojenga, walijenga walichokijua. Nyumba ya babu ina umbo ambalo msomaji wa Mombasa, Malindi au Tanga angelitambua akiwa amefumba macho: mlango katikati, ukumbi mrefu unaokata nyumba mbele hadi nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha ua wenye jiko, kisima cha zamani na msala. Mbele, chini ya upenu, kuna baraza ya kukalia. Kuta ni za fito na udongo uliokandikwa na kupakwa chokaa. Paa ni la mabati, kwa kuwa minazi haiko na mvua ya mlimani haina huruma. Nyumba zimesongamana, na baina yake kuna njia ambazo watu wawili wakikutana mmoja husimama kando. Babu alizoea kusema kwamba uchochoro mwembamba humlazimisha mtu kutoa salamu.

Siku ya pili nilianza matembezi yangu baada ya sala ya Alfajiri. Kona ya kwanza nilimkuta mchoraji wa vibao. Alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, akiandika kwa brashi jina la kinyozi juu ya mlango wa buluu. Hakuwa na rula. Alipima herufi kwa jicho na kuzitia kivuli cheusi upande mmoja hata zikaonekana zimeinuka ukutani. Aliniambia kwamba kazi imepungua tangu vibao vya plastiki vinavyochapishwa kwa mashine viingie mjini, lakini Majengo bado humwita, kwa sababu ukuta wa udongo haushiki misumari ya kibao kizito. Nilipita mbele nikaona kazi yake kila mahali: sufuria inayofuka moshi juu ya mlango wa hoteli ya chakula, kiatu juu ya kibanda cha fundi, mwezi na nyota kwenye duka la vitambaa. Katika mji mwingine mtaa huu ungeitwa wa wasanii. Hapa unaitwa mtaa tu.

Uchochoro wa tatu ndio ulionishika zaidi. Barazani walikaa wanawake wawili, jirani wa miaka mingi. Mmoja, Mkikuyu wa Tetu, alikuwa akisuka kiondo cha katani. Mwenzake, ambaye wazazi wake walitoka Lamu, alikuwa akidarizi kofia. Niliomba ruhusa nikaketi. Kiondo huanzia kitako: nyuzi chache hufungwa pamoja, zikatandazwa kama miale ya jua, kisha uzi mwingine ukazungushwa, duara juu ya duara, mpaka chombo kiinuke. Zamani nyuzi zilitoka katika magome ya vichaka, zikasokotwa mkononi. Siku hizi ni katani na sufi za madukani. Kofia nayo ina duara lake la juu, na tundu zake hushonwa moja moja kwa sindano, kazi inayoweza kuchukua miezi. Nilichokiona pale sijakisoma kitabuni: ukingo wa kiondo kile ulikuwa na ua lililotoka katika kofia, na kofia ile ilikuwa na pembetatu zilizotoka katika kiondo. Nilipouliza nani alimwiga mwenzake, wote wawili walicheka. Yule wa kofia akasema, “Mwanangu, tumekaa hapa miaka thelathini. Nani atakumbuka?”

Alasiri huja muuza kahawa. Dele lake la shaba huwekwa juu ya jiko la makaa, na vikombe vyake vidogo hugonganishwa mkononi, kwa mlio ule ule wa Kibokoni na Langoni. Kahawa ni nyeusi, chungu, yenye tangawizi, na kando yake kuna kashata. Wateja wake ni wazee wa baraza, madereva wa matatu, na vijana wachache wanaojikinga na baridi. Hapo nilizungumza na mkulima mmoja wa kahawa aliyekuja mjini kufuatilia malipo yake. Alikuwa na miche mia tatu nyumbani kwake. Alikunywa kikombe kimoja, akakunja uso, akaagiza chai ya maziwa katika hoteli ya jirani.

Jambo hilo si la kuchekesha tu. Lina historia yake. Kahawa ni kinywaji cha watu wetu tangu kale. Jina lake ni la Kiarabu, na inajulikana kwamba katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Lakini mmea wenyewe uliletwa nchini Kenya na wamisionari Wafaransa, walioupanda Bura, Taita, mwaka 1893, na baadaye ukawa mali ya masetla. Mwafrika alizuiwa kuulima. Katika miaka ya 1930 ruhusa ya majaribio ilitolewa Meru, Embu na Kisii, lakini Wakikuyu wa sehemu kama Nyeri walingoja hadi miaka ya 1950, ulipokuja mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kahawa ikaingia katika mashamba yao kama zao la kuuza, si kama kinywaji. Hata leo mkulima huchuma tunda jekundu, hulipeleka kwenye kiwanda cha ushirika, humenywa, huchachushwa, huoshwa kwa maji ya mtoni, huanikwa juu ya vitanda vya waya, kisha huenda mnadani Nairobi na kuvuka bahari. Kahawa ya Nyeri, hasa ya aina ya SL28 na SL34 zilizoteuliwa katika Maabara ya Scott miaka ya 1930, husifiwa na wajuzi wa dunia nzima. Aliyeitoa ardhini hunywa chai. Na katika mji huo, kwa miongo mingi, waliokaa chini na kuinywa kahawa kama kahawa walikuwa watu wa baraza za Majengo.

Haya niliyachukua kichwani nikaingia nayo kikaoni. Tulikaa katika ukumbi wa nyumba: wajomba wawili, mama mkubwa, mama mdogo, mimi kwa niaba ya mama, na binti wa mjomba mdogo, ambaye hufanya biashara ya vitambaa na amekwenda Uchina mara kadhaa. Huyu binti ndiye aliyefungua mlango mpya. Alitueleza habari za Tianzifang, mtaa wa vichochoro katika mji wa Shanghai. Nyumba zake za matofali, zenye kuta za pamoja na njia nyembamba, zilikuwa za familia za kawaida na karakana ndogo. Mwaka 1998 mchoraji Chen Yifei alifungua chumba chake cha kazi huko, wengine wakamfuata, na mtaa uliokuwa umepangiwa kubomolewa ukaokoka, kwa kuwa wakazi walipangisha vyumba vya chini kwa wasanii na mikahawa. “Kwa nini nasi tusifanye hivyo?” akauliza. “Nanyuki, saa moja na ushei kutoka hapa, kikombe kimoja cha kahawa kwenye mkahawa wa watalii huuzwa bei ya vikombe zaidi ya ishirini vya dele. Tupake kuta rangi, tutundike picha, nyumba itajilipia.”

Mjomba mdogo alimpinga binti yake kwa upole. Alimwomba amalize hadithi ya Shanghai. Naye, kwa uaminifu wake, aliimaliza: watalii walipofurika, kodi ilipanda, wengi katika wasanii wa mwanzo walihama, na vyumba vingi vikawa maduka ya vitu vya kumbukumbu vinavyofanana. Kuta zilisalimika, lakini majirani wengi waliondoka. Mjomba akasema kwamba hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sote tunajua nyumba ngapi huko na Shela zimekwisha kununuliwa na wageni, zikakarabatiwa vizuri sana, na kufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyumba njema si mlango.

Mama mkubwa alikuwa kimya muda wote huo. Hatimaye akauliza swali moja: “Picha mtazitundika ukutani. Je, barazani atakaa nani?”

Hakuna aliyejibu upesi. Nami nikaona ndio wakati wa kusema neno nililotumwa. Nilisema kwamba haki ya mjomba mkubwa haina mjadala. Fungu la mrithi ni lake, na wema wa ndugu haupimwi kwa kumnyima. Lakini sheria yetu imeweka shufaa: mshirika katika mali ana haki ya kununua fungu la mshirika mwenzake kabla halijapewa mgeni. Basi na tununue mafungu yake mawili sisi wenyewe, kwa bei ile ile aliyoitaja mnunuzi, bila kupunguza shilingi. Tukimpunguzia kwa sababu ni ndugu tutakuwa tumeutoza undugu wenyewe. Ama nyumba, tusiigeuze ikawa kitu isichokuwa. Chumba cha babu na baraza yake vinatosha mkahawa. Wapangaji watatu wa nyuma wabaki walipo, kwa kodi wanayoiweza. Kahawa itolewe hapa hapa. Nje kidogo ya mji, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina shamba lake la kahawa, na vyama vya wakulima viko pande zote. Dele libaki, kwa bei ya dele. Na kuta zipambwe na mikono ya mtaa: herufi za yule mchoraji wa kona, pembetatu za kiondo, maua ya kofia. Hivyo tutakuwa tumeikwepa hitilafu ya picha za viumbe, na tutakuwa tumefanya kama yule msanii wa Murang’a, aliyewapamba watu kwa vitu vyao.

Mjomba mkubwa alifuta macho, akasema kwamba hakuja kubomoa nyumba ya baba yake. Alikuja kutafuta dawa ya mkewe. Tukakubaliana. Fungu moja lilipwe mara moja, la pili kabla ya Ramadhani. Ikiwa hatutaweza, nyumba itauzwa na hakuna atakayemnunia mwenziwe. Makubaliano yaliandikwa, yakatiwa saini mbele ya mashahidi, ili yapelekwe kwa Kadhi. Hadi ninapoandika, fungu la kwanza limelipwa, na la pili bado tunalichanga: mama ameuza bangili mbili, mama mdogo amekopa katika chama chake, na binti wa mjomba ameahirisha safari yake ya Uchina. Sijui kama tutafika. Najua tu kwamba tunachokichangia si udongo na mabati, bali nafasi ya watu kuketi pamoja bila kuulizwa wamekuja kufanya nini.

Wasomaji wengi wa jarida hili wana babu au shangazi aliyeacha chumba Majengo ya Nyeri, Nanyuki, Meru au Embu. Wengine hupokea kodi ndogo kwa simu kila mwezi na hawajawahi kuuona mlango. Nawausieni mambo machache. Tafuteni hati za kiwanja mapema, kabla wazee wanaozijua habari zake hawajaondoka. Gaweni mirathi kwa wakati, maana mali isiyogawanywa huzaa kinyongo, na mnunuzi mjanja hungoja kinyongo kiive. Kabla ya kumuuzia mgeni, ulizaneni kama ndugu mmoja anaweza kununua, au kama nyumba inafaa kuwekwa wakfu. Na kabla ya yote hayo, pandeni gari mwende. Tembeeni uchochoro wote kwa miguu, muwasalimie waliokaa barazani, mnywe kikombe. Mkishajua nani anakaa pale, ndipo mtaijua bei ya nyumba yenu.